Taa ya bluu na dawa nyeupe: namna ya kugandisha kompositi mpaka chini ya tundu

"Nimulike sekunde ngapi?" Swali hili halinipiti wiki bila kuulizwa na vijana wanaoanza kuziba meno kwa dawa nyeupe, yaani kompositi: madaktari walio mafunzoni, matabibu wa kinywa na meno wa vituo vya afya, hata wauguzi wanaoshikishwa taa kwa sababu mikono ya daktari imejaa. Baada ya muda hufuata la pili: "Mbona mgonjwa amerudi, dawa imebanduka?" Mara nyingi jibu la maswali yote mawili ni moja. Taa ileile, kwa sekunde zilezile 20, mkono mmoja utaivisha kompositi mpaka sakafu ya tundu, na mkono mwingine utaiacha mbichi chini huku juu ikiwa ngumu kabisa. Ukiikwangua kwa probu (kifaa chembamba cha kupimia na kukagulia jino) juu utasikia ugumu ule ule. Ndiyo maana kosa hili halionekani siku ya kuziba.

Na tutaziba kwa dawa hii zaidi na zaidi. Amalgamu, dawa ya kijivu yenye zebaki, inapunguzwa duniani kutokana na Mkataba wa Minamata wa 2013 kuhusu zebaki, na kompositi imeshaingia hadi kwenye kliniki za wilaya zenye kiti kimoja. Amalgamu hujigandia yenyewe, uipende usiipende. Kompositi inakutegemea wewe na taa yako.

Nadharia kidogo, kisha tuendelee

Kompositi ni rezini (aina ya plastiki) iliyochanganywa na unga laini wa kioo au silika, pamoja na kianzishi kinachoamshwa na mwanga. Kianzishi cha kawaida ni kamforakwinoni, ambacho hupokea zaidi mwanga wa bluu wa karibu nanomita 470. Mwanga ukikifikia, molekuli za rezini huungana na dawa huwa ngumu. Usipokifikia, hapo chini patabaki pabichi: rezini itachuja, gundi italegea, bakteria watapita. Kwa kompositi ya mwanga pekee hakuna kitu kingine kitakachokuja kuigandisha baadaye.

Baadhi ya kompositi, hasa zile za rangi nyeupe sana, zina vianzishi vingine vinavyotaka mwanga wa zambarau, karibu na nanomita 400. Taa ya LED yenye bluu peke yake haiviamshi vizuri. Soma karatasi iliyomo ndani ya boksi la dawa, kisha soma ya taa, uone kama vinapatana. Karatasi hizo hutupwa siku boksi linapofunguliwa. Anza leo kuziweka kwenye faili.

Viwe tayari kabla mgonjwa hajakaa

- Taa ya kugandishia iliyochajiwa. Kama umeme wa kwenu hukatika, ichaji usiku na isibaki na betri ya nusu asubuhi.
- Miwani ya rangi ya machungwa: yako, ya msaidizi, na ya mgonjwa. Ngao ndogo ya machungwa iliyobandikwa kwenye taa inasaidia, ila haimkingi mgonjwa. Miwani ya jua haifai kwa kazi hii.
- Mifuko laini ya plastiki angavu ya kuvisha taa. Nailoni nyembamba ya kufungia chakula inafaa pia. Kidole cha glavu hakifai, kinakula mwanga mwingi.
- Mpira wa kutengea jino; ukikosekana kabisa, pamba za kutosha na mashine ya kufyonza mate inayofanya kazi kweli.
- Asidi ya fosforiki ya asilimia 37, gundi, kompositi, matriksi (utepe wa kuzungushia jino) na kabari ya kuubana.
- Probu yenye alama za milimita, ile ya kupimia ufizi. Utaona kazi yake mbele.
- Glisirini safi ya jeli.
- Radiomita, kifaa cha kupimia nguvu ya mwanga.

Pima taa yako kwanza

Angalia ncha ya taa chini ya mwanga mzuri. Mara nyingi utakuta kipande cha kompositi ya zamani kimegandia pale, au gundi iliyokauka kama ukungu. Kiondoe kwa kitu cha plastiki, usitumie chuma, utakwaruza kioo. Kama ncha imemeguka, badilisha.

Kisha weka ncha kwenye radiomita, isimame wima, usome. Taa nyingi za LED za leo hutoa miliwati 1,000 au zaidi kwa kila sentimita ya mraba. Radiomita hizi za mkononi haziko sawa zote, kwa hiyo usigombane na jirani yako kwa sababu yake inasoma 1,100 na yako 950. Thamani yake ni kupima taa ileile kwa radiomita ileile kila wiki na kuandika kwenye daftari. Namba ikishuka wiki hadi wiki, kuna jambo. Pima taa ikiwa imevaa mfuko wake, maana ndivyo itakavyotumika mdomoni.

Sasa hesabu ya sekunde. Kwa tabaka la milimita 2, kipimo cha nishati ya mwanga kinachotumika sana ni joule 16 kwa kila sentimita ya mraba. Zidisha nguvu kwa sekunde: miliwati 400 kwa sekunde 40 ni joule 16, miliwati 800 kwa sekunde 20 ni joule 16 pia. Kwa hiyo mwenye taa ya miliwati 400 anayemulika sekunde 20 kwa sababu "ndivyo tulivyofundishwa" anatoa nusu tu. Maelekezo ya mtengenezaji wa dawa ndiyo ya kwanza; hesabu hii ni ya kujua kama taa yako inaweza kuyatimiza.

Kuhusu taa zinazotangazwa kumaliza kazi kwa sekunde 3 kwa miliwati 3,000: fanya hesabu, ni joule 9. Zipo dawa zilizotengenezwa kwa mtindo huo. Kama yako haikusema hivyo kwenye karatasi yake, usiutumie.

Kama huna radiomita, au unayo lakini unataka kuiona kazi ya taa kwa macho yako, kuna kipimo cha kukwangua kinachotokana na kiwango cha kimataifa cha ISO 4049. Mwombe fundi wa kukereza akutobolee kipande cha chuma chenye unene wa milimita 6, tundu la upana wa milimita 4, nyororo ndani. Pakaza ute mwembamba sana wa Vaseline. Kiweke juu ya plastiki angavu, jaza kompositi, funika kwa plastiki nyingine na ukandamize. Mulika kwa juu kwa muda unaotumia kila siku. Sukuma dawa itoke, kisha kwangua upande wa chini kwa kijiko cha plastiki. Ile laini itatoka kama jibini. Pima kilichobaki, gawanya kwa mbili. Kikibaki kipande cha milimita 4.4, kina chako cha kuaminika ni milimita 2.2. Fanya mara moja ukiwa umesimamisha taa vizuri, mara nyingine ukiwa umeiinamisha kama unavyofanya unapoharakisha. Kijana aliyeiona tofauti ile mezani haulizi tena kwa nini tunamsumbua kuhusu kona ya taa.

Hatua za kazi

1. Toa kompositi kwenye friji mapema, saa moja kabla hivi. Ya baridi ni ngumu kuitandaza na haigandi vizuri kama iliyo kwenye joto la chumba. Chagua rangi sasa hivi, jino likiwa bado na unyevu. Likikauka linakuwa jeupe kuliko lilivyo na utajidanganya.

2. Visha taa mfuko. Mshono wa plastiki usipite mbele ya ncha, na usiache mikunjo hapo. Taa husafishwa kwa kufutwa, hailowekwi kwenye ndoo ya dawa.

3. Tenga jino. Mate na damu vikigusa enameli (ganda gumu la nje la jino) iliyokwisha kuwekwa asidi, hakuna taa itakayookoa kazi hiyo.

4. Asidi, kisha gundi. Kwa gundi za kusuuza, asidi sekunde 15 kwenye dentini (sehemu ya jino iliyo chini ya enameli), suuza vizuri, ondoa maji yaliyotuama lakini dentini ibaki na unyevu. Sugua gundi kwa brashi sekunde 20. Puliza hewa taratibu mpaka uone gundi haitembei tena ukutani. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanamulika gundi ikiwa bado na kimiminika chake, na hapo baadaye ndipo panapoachia. Mulika. Hata kama karatasi inasema sekunde 10, kwenye tundu refu la gego mimi namulika 20, kwa sababu sakafu iko mbali na taa na gundi ya sakafuni ndiyo inayobeba kila kitu kitakachofuata.

5. Geuza taa ya kiti pembeni. Ni kali kiasi cha kuanza kuigandisha kompositi kabla hujamaliza kuitandaza. Jua la dirishani nalo hufanya hivyohivyo. Funga kifuniko cha sirinji kila unapokamua, na usikamue dawa ya kazi nzima kwa mara moja na kuiacha wazi kwenye trei.

6. Weka tabaka la kwanza, lisizidi milimita 2. Usikisie. Ingiza probu yenye alama kabla ya kuweka dawa, soma kina cha tundu, kisha baada ya kutandaza soma tena. Tofauti ndiyo unene wa tabaka lako. Wanaoanza hudhani wanaweka milimita 2 na kumbe ni 3 au 4. Kama unatumia kompositi ya kujaza kwa mkupuo, kina chake huwa milimita 4 hivi, kama mtengenezaji alivyoandika. Jina la boksi peke yake halitoshi, na dawa ya kawaida haigeuki kuwa ya mkupuo kwa kuongezwa sekunde.

7. Panga mwili wako kabla ya kuwasha. Hili nataka mlielewe vizuri. Mwambie mgonjwa afungue zaidi na ageuze kichwa kukuelekea. Vaa miwani ya machungwa. Leta ncha ya taa karibu, milimita 1 hivi kutoka kwenye dawa, bila kuigusa. Uso wa ncha uwe sambamba na uso wa jino. Mwanga ushuke wima. Kidole chako kimoja kiegemee jino la jirani ili mkono usitikisike. Kwenye magego ya nyuma, shavu na meno ya juu huisukuma taa ikainama, na ikiinama kuta za tundu zenyewe zinatia kivuli kwenye kona ya chini. Ukishindwa kuisimamisha, weka mpira wa kung'atia upande wa pili, au tumia taa yenye kichwa kifupi.

8. Washa, na uendelee kutazama. Tazama lile duara la bluu kupitia miwani kwa muda wote. Mtu anayegeuza uso kwa kuogopa mwanga huanza vizuri, na kufika sekunde ya 6 au ya 7 duara limeshateleza, nusu liko kwenye ufizi na nusu kwenye jino la jirani. Mlio wa taa utakapolia atasema amemaliza. Kwa hiyo anayeshika taa, awe daktari au muuguzi, apewe miwani kwanza ndipo apewe taa. Taa isitembezwe huku na huku ili "ienee"; kila sehemu inakosa kipimo chake.

9. Kama ncha ni ndogo kuliko dawa, mulika kwa vituo. Gego kubwa lina urefu wa milimita 10 au 11 kutoka mbele hadi nyuma. Ncha nyingi hazifikii hapo. Mulika upande wa mbele muda kamili, kisha wa nyuma muda kamili, maduara yakipandana katikati. Usigawe sekunde 20 kwa mbili.

10. Chunga joto. Moyo wa jino, ile sehemu hai ya ndani yenye neva, hauvumilii kupashwa. Ongezeko la nyuzi 5.5 za Selsiasi limetajwa kuwa hatari tangu utafiti wa Zach na Cohen wa 1965. Kwenye tundu lililo karibu na moyo, mwelekeze msaidizi apulize hewa pembeni ya jino wakati unamulika, au mulika sekunde 10, pumzika, mulika 10 nyingine. Usielekeze mwanga mkali kwenye ufizi au mdomo. Mwanga huo umeshaunguza watu, hata chini ya mpira wa kutengea.

11. Endelea na tabaka zinazofuata, ukizielemeza kwenye ukuta mmoja kisha mwingine. Ule utando wa kunata unaobaki juu ya kila tabaka unatokana na oksijeni kuzuia rezini kuungana. Usiufute kwa spiriti wala pamba. Tabaka linalofuata linashikana nao. Usiuguse kwa glavu yenye mate.

12. Ukitoa matriksi ya chuma, mulika tena pembeni, upande wa shavu na upande wa ulimi, sekunde 20 kila mmoja. Chuma kilikuwa kimezuia mwanga, na pale chini karibu na ufizi ncha ya taa ilikuwa mbali, pengine milimita 7 au 8. Ziko taa zinazopoteza nusu ya nguvu zake kwa umbali huo. Ukiniuliza ni hatua gani inayorukwa sana kwenye kliniki zetu, ni hii.

13. Pakaza glisirini juu ya tabaka la mwisho na umulike mara moja zaidi. Inazuia hewa, na uso unaganda bila utando. Suuza, pima mng'ato kwa karatasi ya rangi, sawazisha, ng'arisha.

Rangi, na wagonjwa wa kuangaliwa zaidi

Rangi nzito kama A4 na zile za kuficha weusi hupitisha mwanga kidogo. Punguza tabaka liwe milimita 1, au ongeza muda kama karatasi inavyoelekeza. Mimi hufanya yote mawili. Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, au anayetumia dawa zinazomfanya adhurike na mwanga, asikose miwani hata kwa sekunde moja. Uliza kabla.

Mambo yakienda kombo

*Uso unabaki kunata hata baada ya kumulika.* Kama ni utando mwembamba tu, ni ile oksijeni. Rudi hatua ya 13. Kama probu inazama ndani, dawa haijaiva. Angalia tarehe ya mwisho ya matumizi, betri, ncha, na kama rangi hiyo inataka mwanga wa zambarau.

*Dawa haigandi vizuri kwenye jino lililokuwa na kizibo cha muda.* Uliza kilikuwa cha nini. Zinki oksaidi na yujinoli ya karafuu huharibu kugandika kwa rezini. Ondoa mabaki yote kwa mkono na kwa mashine, na safari ijayo weka kizibo cha muda kisicho na yujinoli.

*Dawa inang'ang'ania kifaa na kunyanyuka nacho.* Kifaa kina mabaki, au dawa imeanza kuganda kwa taa ya kiti. Futa kifaa kwa gozi kavu, geuza taa. Kukichovya kwenye gundi kila mara kunaongeza rezini isiyo na unga na kudhoofisha dawa.

*Mgonjwa anasikia jino linachoma akitafuna, siku mbili tatu baada ya kuziba.* Kwanza pima mng'ato. Mara nyingi pamenyanyuka kidogo tu. Kama mng'ato uko sawa na tundu lilikuwa refu, shuku sakafu mbichi au gundi iliyomulikwa na kimiminika chake. Kompositi husinyaa inapoganda, na tabaka nene hulivuta zaidi jino. Asipopata nafuu, toa dawa uanze upya, kungojea hakutaiivisha.

*Mstari mweupe pembeni ya dawa siku hiyohiyo.* Umesinyaza tabaka nene kwa mkupuo, au umeng'arisha kwa nguvu bila maji. Kama ni wa juujuu, osha, kausha, weka rezini nyepesi ya kuzibia kingo, mulika.

*Kizibo cha katikati ya meno mawili kinaoza tena chini, karibu na ufizi.* Mate, au taa haikufika. Piga picha ya eksirei, toa, na safari hii mulika gundi ya sakafuni mara mbili, weka tabaka la kwanza la milimita 1, na usisahau hatua ya 12.

*Jino lililong'arishwa kwa dawa ya kuweupisha linakataa kushika.* Oksijeni iliyobaki ndani ya enameli inazuia rezini. Mpe mgonjwa miadi ya baada ya wiki mbili.

*Taa inazimika katikati ya tabaka.* Usijumlishe sekunde kichwani. Ukipata umeme au taa nyingine, mulika tabaka hilo muda kamili tena, ukipuliza hewa. Ukiikosa siku hiyo, usimfunge mgonjwa na kompositi mbichi: iondoe yote, weka glasi ayonoma ya kujigandia yenyewe, andika kwenye faili kwamba ni ya muda na sababu yake, na umpe tarehe ya kurudi bila kumtoza mara ya pili.